Jinsi ya kupanga picha za familia siku ya harusi

Juzi nilikaa na dada mmoja anayeolewa Desemba hapa Dar, tukapanga picha za familia yake. Tulianza saa nne asubuhi, tukanyanyuka adhuhuri, na karibu muda wote uliishia kwenye hatua ya pili. Ndiyo maana nimeiandika kwa urefu.

Hatua ya 1: Hesabu muda

Kundi moja linakula dakika 3. Makundi 12 ni dakika 36, nyinyi wekeni 45. Pigeni palepale kanisani mara ibada inapokwisha, upande wenye kivuli. Watu wakishapanda magari kwenda ufukweni au ukumbini, huwapati tena.

Hatua ya 2: Andika orodha, mtu kwa mtu

Usiandike kwa vyeo vya ukoo. Miaka yangu ya mwanzo ya kupiga picha za harusi niliandika "wazazi wa bibi harusi", nikampa MC asome. Wakasimama watu 14. Na hawakukosea: baba mkubwa ni baba, mama mdogo ni mama, na pengine ndiye aliyemlipia binti ada ya sekondari. Kumwambia arudi nyuma mbele ya wakwe ni kumvunjia heshima. Tukapanga na kupangua zaidi ya saa nzima mpaka giza likaingia. Kumbe bibi mzaa mama alikuwa ameshachoka, amepelekwa ukumbini, na usiku huo akarudishwa nyumbani mapema. Mjukuu wake hana picha naye ya siku ile. Mpaka leo inaniuma.

Siku hizi kila mstari wa orodha una watu wenyewe, kwa namna wanavyoitwa nyumbani: Mama Mdogo wa Tabata, Mjomba wa Moshi. Mstari wa kwanza ni baba na mama waliomzaa, basi. Wa pili ni "baba wote", wa tatu "mama wote", na wahusika wanaambiwa tangu jana yake kwamba wana picha yao. Hapo hakuna anayejiona amesukumwa.

Kuna maswali ya kuwauliza maharusi faraghani, kamwe si kwenye kikao cha kamati. Nani amefariki, na nani atasimama mahali pake? Wazazi waliotengana wako tayari kusimama pamoja? Kama hapana, andika mistari miwili na uiachanishe, wasikutane hata wakati wa kupishana. Mama wa kambo aliyemlea mtoto naye apewe mstari wake. Baba ana wake wawili? Muulize bwana au bibi harusi mwenyewe anataka iweje, usimkisie.

Orodha ikifika makundi 20, punguza. Marafiki wa kazini na wanakwaya watapigwa ukumbini.

Chapa nakala tatu za karatasi. Simu siiamini kwa kazi hii, siku hiyo italia kila dakika.

Hatua ya 3: Chagua waitaji wawili

Hawa ndio wa kuita watu kwa orodha, mmoja kila upande. Mimi hupenda shangazi: anazijua sura zote na hakuna anayembishia. Wasimamizi waache, wana kazi yao. MC hamjui Mjomba wa Moshi.

Hatua ya 4: Kamera

Lenzi ya 35mm au 50mm. Ile ya 24mm inawatanua watu wa pembeni, na pembeni mara nyingi ndiko wanakosimama mashangazi. Watu wakisimama safu tatu, weka tundu la lenzi kwenye f/8 ili sura za nyuma nazo zitoke wazi. Piga tano tano kwa sababu ya macho yanayofumba. Ndugu wenye simu waombe wasubiri umalize kila kundi, la sivyo kila mtu atatazama kwake.

Hatua ya 5: Anza na wazee

Viti vinne viwe vimeshapangwa kivulini kabla ibada haijaisha. Mabibi na mababu waketi kwanza, maharusi wawafuate pale walipo, kisha watoto wadogo kabla hawajasinzia. Gari la wazee lisiondoke mpaka shangazi awe ameweka alama kwenye mistari yao yote.