Kumwagilia Ukoka wa Nyumbani Mtwara na Lindi Joto Linapopanda

Kuanzia Septemba, upepo wa kusi unapolegea na mabibo yanapoanza kuiva mikoroshoni, wenye bustani za ukoka mjini Mtwara na Lindi huingiwa na wasiwasi. Jua huwa linarejea kutoka kaskazini, na karibu na tarehe 20 Oktoba hupita utosini kwetu, kiasi kwamba saa sita mchana mtu hukanyaga kivuli chake, ilhali mvua za msimu kwa kawaida hazifiki kabla ya mwisho wa Novemba au Desemba. Ni katika kipindi hicho ambapo bustani nyingi huharibika, na nyingi nilizoziona hazikuharibiwa na kiu bali na mpira wa maji unaofunguliwa kila jioni.

Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Udongo ukilowa muda wote, nafasi za hewa hujaa maji, mizizi huanza kuoza na majani hugeuka manjano. Kwenye kichanga, kama kile cha mtaa wa Shangani mjini Mtwara, maji ya ziada hayatuami, lakini hushuka na mbolea, na ukoka hugeuka manjano vilevile kwa njaa. Mwenye nyumba akiuona umanjano huo hudhani ni ukame, naye huongeza maji.

Mimi nilifanya hivyo hivyo kwenye bustani yangu ya mita za mraba 40, nikimwagilia nusu saa kila jioni. Ndago walizidi ukoka, kwa kuwa ndago hupenda udongo usiokauka. Siku nilipochimbua kipande kwa jembe dogo, niliona mizizi imeishia kiasi cha vidole viwili kutoka juu, imesokotana kama ukili, nayo ilitoa harufu ya tope. Ukoka unaopewa maji kidogo kila siku hauna sababu ya kupeleka mizizi chini, na siku maji ya bomba yanapokatika huwa wa kwanza kukauka.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua bomba, uchunguze udongo kwanza. Chukua bisibisi ndefu uichomeke ardhini: ikizama kwa urahisi mpaka sentimita 15 na ikatoka na chembe za udongo mbichi, maji bado yapo, hata kama jua ni kali. Kisha tembea juu ya ukoka asubuhi. Majani yenye maji ya kutosha huinuka mara baada ya kukanyagwa, ilhali yenye kiu hubaki yamelala na alama ya unyayo huonekana, rangi yake ikielekea kijivu na ncha zikijikunja. Hapo ndipo zamu ya kumwagilia imefika. Usihukumu kwa majani yaliyonywea saa nane mchana, kwa sababu mengi huamka yenyewe jioni.

Ukoka uliokwisha kushika unatosheka, wakati wa joto, na takribani milimita 25 za maji kwa wiki. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo hesabu si ngumu. Pima mpira wako kwa ndoo ya lita 20: ikijaa kwa dakika mbili, unatoa lita 10 kwa dakika. Bustani yangu ya mita 40, nikiipa milimita 12 kwa zamu moja, inataka lita 480, yaani dakika 48, mara mbili kwa wiki. Jumla ni lita 960. Nusu saa zangu za kila jioni zilikuwa zinakula lita 2,100 kwa wiki, zaidi ya mara mbili ya mahitaji. Anayetumia kinyunyizio apange makopo matupu matano au sita mahali mbalimbali, kisha apime kwa rula kina cha maji baada ya robo saa. Mara nyingi atakuta upande mmoja unapata maradufu ya mwingine.

Zamu mbili zinafaa kichanga, kwa kuwa hakishiki maji mengi kwa mara moja. Kwenye mfinyanzi zamu moja kwa wiki inatosha, ila mwagilia kwa vipande, ukisimama maji yanapoanza kutiririka. Wakati bora ni alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa na mchana mzima wa kukauka; majani yanayolala yamelowa hukaribisha ukungu. Wenye visima vifupi karibu na bahari, ambavyo maji yake yana chumvi, wana sababu nyingine ya kuacha kunyunyizia kidogo kidogo: maji hayo hukauka juu na kuiacha chumvi kwenye mizizi, ilhali maji mengi kwa zamu chache huisukuma chini.

Usikate ukoka mfupi sana miezi hii. Kila ukataji uondoe theluthi moja tu ya urefu, ili majani yatie ardhi kivuli.

Mvua za kwanza zikianza, acha kopo moja uwanjani. Likionyesha milimita 12 au zaidi, ruka zamu inayofuata, na mvua zikishika kasi kunja mpira uuweke stoo mpaka zitakapokatika, kwa kawaida mwezi Mei.