SOMO: Kutibu maji ya kisima nyumbani, Mombasa na Kilifi

Masika yakianza tu, swali ni lile lile: "Jamani, maji ya kisima nitie dawa ya klorini kiasi gani?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Osha mtungi wa lita 20 kwa sabuni, na shingoni pia.

2. Maji yakiwa na tope, yaache yatulie, kisha mimina ya juu polepole upitishe kwenye leso (kanga) safi iliyokunjwa mara nne.

3. Tia dawa. Hapa ndipo wengi huharibu. Klorini hupambana na uchafu wowote inaoukuta. Tope likiwa jingi, dawa huishia kwenye tope na vijidudu vikabaki. Ndiyo maana hatua ya 2 haikwepeki. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 ni kimoja kwa lita 20 za maji maangavu. Dawa ya chupa ipime kwa kifuniko chake kama kibandiko kinavyosema, maana chupa hazilingani nguvu. Funga, tikisa, subiri dakika 30. Si kumi. Ukifungua usikie harufu ya klorini kwa mbali. Husikii kitu? Rudia dozi, subiri tena. Onyo: usitumie klorini ya kufulia yenye manukato. Chupa iliyokaa dirishani juani imeshapoteza nguvu. Na usiichanganye kabisa na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya sumu.

4. Chota kwa kata ya mpini mrefu, au tumia ndoo yenye bomba. Mkono usiingie.

MASWALI

Baba Rehema: Kaka, dawa ni kiasi gani?

— Hatua ya 3.

Baba Rehema: Nimeuliza tu, mbona mkali?

— Si ukali. Hatua ya 3.

Kijana wa Mtwapa: Kisima chetu maji ni maangavu, sarafu ikianguka waiona chini. Dawa ya nini?

— Kipindupindu hakina rangi. Choo cha jirani kiko umbali gani? Watu husema mita 30 zatosha, lakini mwamba wetu ni wa matumbawe, una nyufa, na maji ya chooni hupita humo bila kuchujwa. Tia dawa.

Mwanaisha: Yetu yana chumvi. Nikichemsha itapungua?

— Haipungui dada, huzidi, kwa kuwa kinachopaa ni maji matupu. Kuchemsha huua vijidudu. Yaache yatokote kabisa dakika moja. Kisima cha karibu na bahari kikivutwa sana kwa pampu, bahari huingia chini kwa chini. Ya kunywa, kinga maji ya mvua.

Mwanaisha: Na bibi ataka ya mtungi wa udongo, yawe baridi. Dawa haifi?

— Swali zuri hilo. Hufa mapema, udongo huimaliza klorini. Yatibu kwenye plastiki, kisha mtungini mwa bibi mimina ya siku ile tu. Na kata yake ining'inizwe, isilale sakafuni.

Mkaazi wa Nakuru: Huku watoto wana meno ya kahawia. Klorini itasaidia?

— Hapana, hiyo ni floridi, madini yaliyomo majini. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 1.5 kwa lita. Klorini haiigusi, na kuchemsha huikoleza. Tafuta chujio la mkaa wa mifupa, huko kwenu linajulikana.

Mzee wa Malindi: Leso haimalizi tope la mafuriko. Sisi twatia shabu (alumu), twakoroga, tope lazama.

— Kweli mzee. Ila shabu si dawa ya vijidudu. Mimina ya juu, kisha klorini.

Baba Rehema: Kwa hiyo shabu kiasi gani?