Soma Wati za Poti Kabla Hujabadilisha Kamera

Kamera ya getini inayozimika usiku na kurudi asubuhi mara nyingi ni nzima. Chunguza kwanza umeme unaoifikia kupitia waya wa mtandao, yaani PoE. Swichi yenyewe, kifaa cha mtandao ambacho waya za kamera huchomekwa kwenye poti zake, itakuonyesha.

Tuchukue Cisco Catalyst 2960-X ya poti 48 yenye bajeti ya wati 370, yaani umeme wote wa PoE inaoweza kugawa. Ingia kwa SSH (njia ya kuandikia swichi amri kutoka kompyuta yako), andika `show power inline`. Juu kuna wati zilizopo, zilizotumika na zilizobaki. Chini, kila poti na hali yake. `faulty` ni hitilafu. `power-deny` maana yake swichi imegoma kutoa umeme kwa kuwa bajeti haitoshi.

Hapa ndipo wengi hupotea: orodha hiyo huonyesha wati ambazo poti imetengewa, si zile kamera inazokula. Kamera ya daraja la 3 (daraja ni kiwango cha umeme ambacho kamera huitajia swichi) isiyoomba kiasi kingine hutengewa wati 15.4 hata ikila 5 tu. Kamera 24 za namna hiyo zinashika wati 369.6. Ya 25 haiwaki ng'o, na poti zimebaki tele. Matumizi halisi yako kwenye `show power inline police`, safu ya mwisho.

Pima saa nane mchana, kisha saa mbili usiku. Uganda giza huingia karibu saa moja jioni mwaka mzima. Hapo taa za infraredi za kamera, za kuonea gizani, huwaka na wati hupanda. Kipimo cha mchana peke yake kitakudanganya.

Kilele cha usiku kikiwa wati 7, ipe poti `power inline consumption 9000`. Hizo ni miliwati. Usiweke `power inline auto max 9000`: daraja la kamera likizidi kikomo hicho, swichi haitoi umeme kabisa. Na jumla ya vilele halisi isipite 370, maana sasa swichi inaamini hesabu yako.

Kwa ufuatiliaji wa kudumu, acha programu ya kuchunga mtandao kama Zabbix au LibreNMS isome swichi kwa SNMP, lugha ya kuuliza vifaa hali yao, kila dakika 5. Kila kipimo kina anwani yake ya namba: jumla ya wati za swichi iko 1.3.6.1.2.1.105.1.3.1.1.4, hali ya kila poti 1.3.6.1.2.1.105.1.1.1.6: namba 3 ni umeme unatoka, 4 ni hitilafu. Weka kengele ilie matumizi yakifika asilimia 80 ya bajeti.

Bajeti inatosha lakini kamera bado inajizima na kujiwasha? Shika waya. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, imejaa madukani kwa sababu ni rahisi. Ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba, hivyo volti hushuka njiani pale pale kamera inapohitaji wati zaidi. Vuta waya wa shaba halisi usiozidi mita 100, halafu pima tena saa mbili usiku.