Kumtambua kupe kabla ya kuutaja ugonjwa wa ng'ombe

Huku kwetu Misungwi na Magu, ng'ombe yeyote mwenye homa husemwa kuwa ana ndigana, ilhali ndigana kali na ndigana baridi ni magonjwa mawili yenye dawa tofauti. Kila moja huenezwa na kupe wa aina yake, kwa hiyo tuanze na kupe mwenyewe.

Hatua ya kwanza: ng'ombe akiwa amefungwa asubuhi, kunjua masikio yake na uangalie kwa ndani. (Mimi huanza na la kushoto, kwa mazoea tu.) Kupe wa kahawia asiye na madoa, waliobanana humo, ndio waenezao ndigana kali. Kwa kawaida kupe huyo huhitaji kunyonya kwa siku 3 hivi kabla vimelea havijawa tayari kuambukiza, hivyo kumng'oa mapema kwa kibano, bila kumpaka mafuta ya taa, si kazi bure.

Hatua ya pili: inua mkia, kisha kagua kiwele na mapaja. Kupe mkubwa mwenye pete nyeupe miguuni, ambaye dume lake lina madoa ya rangi ya chungwa mgongoni, hueneza ugonjwa wa maji moyo, na mdomo wake mrefu huacha vidonda vinavyoweza kuharibu chuchu. Kupe wa bluu ni mdogo. Jike lililoshiba hufanana na punje ya kijivu, nalo hueneza ndigana baridi na ugonjwa wa mkojo mwekundu.

Hatua ya tatu: papasa tezi iliyo chini ya sikio. Ikiwa imevimba, na mnyama anahema kwa shida, shuku ndigana kali. Ikiwa fizi zimepauka au zina umanjano na kinyesi ni kikavu, shuku ndigana baridi, kisha mwite daktari wa mifugo achukue damu.

Maswali ya wanachama

Mfugaji, Magu: Mtaalamu, josho letu limekufa. Je, pampu ya kunyunyizia dawa, ile ya kubeba mgongoni, inatosha?

Jibu: Inatosha, ndugu, mradi ulowanishe masikio, kiwele na chini ya mkia. Wengi huogesha mgongo wa ng'ombe, ambako kupe hao hawakai, tena kwa dawa iliyozimuliwa kupita kipimo, ambayo huwazoesha kupe sumu.

Mama mfugaji, Sengerema: Papasi naye ni kupe?

Jibu: Ndiyo, mama, ila ngozi yake ni laini na mdomo umefichika chini ya mwili. Hukaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo, hutoka usiku kumnyonya mtu aliyelala, na huambukiza homa ya papasi, ambayo hukata kwa siku kadhaa kisha ikarudi. Mgonjwa apimwe damu homa ikiwa imepanda, kwa sababu ikishatulia vimelea huwa vigumu kuonekana.