Anwani ya kuazima itakuponza: kwa wenzangu mnaohamia Porto de Mós

Ndugu zangu mnaojiandaa kuja Ureno, hasa nyinyi mnaoitwa huku wilaya ya Leiria kwenye machimbo ya mawe na viwanda vya vigae, nina jambo moja la kuwaambia: anwani. Namba ya kodi, yaani NIF, mtaipata. Namba ya hifadhi ya jamii mtaipata. Namba ya kutibiwa kwenye kituo cha afya mtaipata pia. Hizo zote ni foleni na subira, na foleni tunazijua tangu vitambulisho vya NIDA. Anwani ndiyo iliyonitia hasara mimi, na ndiyo ninayoona ikiwatia hasara wenzangu hadi leo.

NIF yangu nilitafutiwa na wakala kabla sijapanda ndege. Kwa kuwa sikuwa na makazi Ulaya, ilibidi niwe na mwakilishi wa kodi, na anwani iliyoandikwa ikawa ya kwake, ghorofa ya tatu huko Lisbon. Nikafika, nikapata kazi kwenye karakana ya kukata mawe Porto de Mós, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Lisbon, nikapanga chumba kijijini juu milimani. Basi za huku ni za kuhesabu, kwa hiyo nikanunua gari kuukuu. Gari likiwa jina lako, unadaiwa kodi yake kila mwaka, wanaiita IUC, nayo ina mwezi wake wa kulipwa. Mimi nilidhani imo ndani ya bima. Haimo. Barua ya kunikumbusha ikaenda Lisbon. Barua ya faini ikaenda Lisbon. Barua ya onyo la mwisho nayo ikaenda Lisbon, ghorofa ya tatu, kwa mtu niliyekwisha kumlipa na asiyepokea tena simu zangu. Habari niliipata dukani, mbele ya watu, kadi ya benki ilipokataa kulipia mchele. Akaunti ilikuwa imezuiwa.

Nilikwenda kulalamika kwamba sikupata barua. Ndugu, neno hilo halisaidii huku. Sheria yao inasema barua ya rejista ikitumwa kwenye anwani uliyoandikisha, inahesabiwa umeipokea siku ya tatu. Na inasema pia kwamba ukihama bila kuiarifu idara ya kodi, kwao ni kama hujahama. Waliofanya kazi yao walifanya inavyotakiwa. Kosa lilianzia kwenye ile anwani ya kuazima.

Nimejiuliza sana kwa nini tunanaswa hapa. Nadhani ni Sanduku la Posta. Kwetu Tanga nimekua barua zikija kwa S.L.P. ya shule, baadaye ya msikiti, baadaye ya kiwanda alichofanya kazi baba. Hakuna aliyeona ubaya. Sanduku lilikuwa mahali pa kudondoshea barua tu, na mtu akitaka kujua unaishi wapi anamuuliza mjumbe wa nyumba kumi. Huku anwani ndiyo wewe. Pale ilipoandikwa ndipo serikali inapokuona umekaa, unakula na kulala, hata kama hujawahi kupanda ngazi za nyumba hiyo. Usiazime anwani. Usiazime ya binamu, usiazime ya rafiki wa kanisani, na ukilazimika kuanza na ya mwakilishi, ibadilishe wiki ile ile unayopata chumba. Nasema wiki ile ile.

Ili uibadilishe unahitaji mkataba wa pango. Wenye nyumba wengine watakwambia, "Lipa taslimu tuachane na makaratasi, nitakupunguzia." Usikubali, hata kama punguzo ni tamu. Mkataba usiotaarifiwa idara ya kodi unakuacha huna mahali. Tangu sheria ya makazi ya 2023 mpangaji mwenyewe ana haki ya kuutaarifu mkataba endapo mwenye nyumba hakufanya hivyo, kwa hiyo usitishwe.

Kisha nenda Junta de Freguesia, ambayo ni kama ofisi ya serikali ya mtaa, uombe hati ya ukaazi. Ni barua ya mwenyekiti wa mtaa ile ile mnayoijua. Usipokuwa na mkataba, wanaweza kukubali mashahidi wawili waliojiandikisha kupiga kura katika kata hiyo. Wangu walikuwa bibi jirani na mwenye duka la mikate. Wapo watu mijini wanaouza ushahidi wa namna hiyo kwa watu wasiowajua. Msinunue. Hati ya uongo ikigundulika, kibali cha ukaazi kinaingia mashakani, na hapo hakuna wa kukutetea.

Kadi ya ukaazi nayo hutumwa kwa posta. Ukihama ukiwa tayari una kibali, sheria inakupa siku 60 kuiarifu AIMA, ofisi ya uhamiaji iliyochukua nafasi ya SEF Oktoba 2023. Siku 60 ni nyingi kwa anayekumbuka na ni chache sana kwa anayesema kesho.

Huku milimani kuna tatizo jingine. Nyumba nyingi za vijijini zinajulikana kwa jina la kitongoji, namba mlangoni hakuna. Msimbo wa posta ndio unaoiokoa barua: Porto de Mós unaanza na 2480, Mira de Aire ni 2485, halafu zinafuata tarakimu tatu. Mwombe jirani bahasha yake ya zamani unakili vilevile ilivyo, usijitungie.

Watu wa hapa nimewapenda, niseme wazi. Wanapenda karatasi kuliko maneno, kweli, lakini katika miaka ya 1960 vijana wao walitoroka kwa maelfu kwenda Ufaransa, wengine wakivuka mipaka kwa miguu usiku. Kila Agosti nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa, magari yenye namba za Kifaransa yanajaa kijijini. Bibi jirani yangu ana ndugu waliokwenda hivyo. Ndiyo maana alipanda gari langu kwenda kunitolea ushahidi bila kuulizwa mara mbili. Ninachowalaumu ni kwamba vijana wao wachache wanaongea kuhusu wageni kana kwamba babu zao hawakuwa wageni mahali.

Na pazuri, wallahi. Ngome imekaa juu ya kilima, minara yake miwili ina mapaa yaliyochongoka ya vigae vya kijani. Tetemeko la 1755 liliiharibu, wakaitengeneza. Milima yote ni mawe ya chokaa, mvua ikinyesha inazama chini, ndiyo sababu nyumba za zamani zina matangi ya kukingia maji ya paa. Mawe madogo meupe yanayotandikwa njia za Lisbon mengi yanatoka huku. Mapango ya Mira de Aire yaligunduliwa 1947, na nilipoingia mara ya kwanza nilinyamaza, maana harufu ya mwamba ule ni ya mapango yetu ya Amboni kabisa.

Sasa wajomba na shangazi zangu wa kundi la ukoo. Najua mnatupenda na mnataka kila kijana afike. Lakini msimtume mtoto kwa viza ya utalii mkitegemea atatengenezewa karatasi akiwa huku. Mlango huo ulifungwa tarehe 4 Juni 2024. Anayekuja kufanya kazi aje na viza ya kazi. Na msiniombe tena anwani yangu "ya kuandikia tu". Siwanyimi kwa roho mbaya. Barua za mtu asiyeishi kwangu zikija nikiwa kazini, yatampata yeye yaliyonipata mimi.

Jambo la mwisho, dogo: ukipata nyumba, andika jina lako kamili kwenye kisanduku cha barua, kama lilivyo kwenye pasipoti. Wapangaji wengi huliacha jina la mpangaji aliyetangulia, na mleta barua asipoliona lako anaweza kuirudisha.