Kuchora Hell's Gate ukiwa pale pale, na baiskeli na kaboksi ka rangi

Mi hupenda kuchorea Hell's Gate, ile mbuga ya Naivasha, kwa sababu moja kubwa, pale unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli, mbuga nyingi za Kenya ukishuka tu kwa gari umeshavunja sheria lakini pale hata ukikuja na matatu unaingia. Sasa wasanii wengi nikiwaambia twende wananiuliza, si upige tu picha na simu uchore ukirudi nyumbani? Ndio unaweza, lakini simu inadanganya bana, kivuli inakifanya cheusi tititi na anga inaitoa nyeupe kama shuka, na kazi yote ya kuchora mandhari iko kwa kile kivuli. Ukikaa pale na macho yako utaona kivuli cha ule ukuta wa mawe kina zambarau, juu kinavuta bluu ya anga na chini kinapata joto fulani kwa sababu mchanga unarudisha mwanga. Haya, twende.

Hatua ya 1: punguza mizigo, halafu punguza tena

Safari yangu ya kwanza nilibeba kanvasi ya mita moja. Upepo wa Naivasha ukaigeuza tanga la jahazi, ikaruka na stendi yake hadi kwa miiba, nikarudi na shimo. Siku hizi nabeba vipande vya hadibodi vya sentimita 20 kwa 25, vitatu, nimevipaka emalshoni nyeupe nyumbani mara mbili na juu yake rangi nyepesi ya udongo mwekundu. Hiyo ya udongo usiiruke, ukichora juu ya nyeupe tupu na jua limekuwakia utaona kila rangi ni giza na utaishia kuchora kitu kimepauka.

Rangi zangu ni tano tu: nyeupe (tyubu kubwa), bluu ya altramarini, njano ya udongo, kahawia-nyekundu ya udongo, na nyekundu kidogo. Kijani sibebi, nitaeleza. Natumia akriliki, rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, kwa sababu ni rahisi kupata na haininyimi kubeba mchoro nyumbani siku hiyo hiyo, lakini hewa ya pale ni kavu na rangi inakauka kwa paleti (kibao cha kuchanganyia rangi) kabla hujachovya mara ya pili, kwa hivyo tandika kitambaa chenye maji chini ya karatasi ya kuokea keki, changanya rangi juu ya hiyo karatasi, na uwe na ile chupa ya kupulizia ya kinyozi. Maji ya kuosha brashi lita moja, ya kunywa lita mbili, usichanganye chupa (mimi nimeshachanganya). Kofia. Stendi kama ni nyepesi ifungie jiwe kwa kamba ya blada katikati ya miguu.

Hatua ya 2: fika wakati geti linafunguliwa

Geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Lala Naivasha ukiweza, alafu asubuhi panda matatu za kwenda Kongoni zile zinapita Moi South Lake Road, ushukie kwa junction ya Elsa Gate, baiskeli za kukodi ziko hapo karibu. Jaribu breki kabla ya kulipa! Kiingilio unalipa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, maliza hiyo mapema usianze kutafuta netiwaki getini jua likipanda. Na mwambie askari unaenda kuchora, utakaa mahali pamoja masaa kadhaa, atakuambia nyati wameonekana upande gani leo, hiyo habari ni muhimu kuliko rangi yoyote.

Haraka ya nini? Huku karibu na ikweta jua halipandi kwa kuzunguka zunguka, linapanda wima. Ule mwanga wa chini wa dhahabu unadumu kama lisaa limoja hivi, ifikapo saa nne ukuta umekuwa bapa kama kadibodi. Baada ya hapo mi hulala chini ya mti hadi saa tisa.

Hatua ya 3: chagua kitu kimoja

Hapa ndio watu huharibu. Unaingia, unaona kuta pande zote mbili, pundamilia, twiga kule mbali, unataka vyote. Hapana. Kata dirisha dogo kwa kadibodi, lizungushe, tafuta kitu kimoja.

Wa kuanza nawashauri Fischer's Tower, iko karibu na geti. Ni mwamba wa volkeno umesimama peke yake kama mita 25 kwenda juu, umepewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika hapo 1883. Lakini kwa mchoraji hadithi ya Wamaasai inasaidia zaidi, kwamba ni binti aliyekuwa anaondoka nyumbani kwenda kuolewa, akakatazwa kugeuka, akageuka, akawa jiwe. Uchore kama mtu amesimama: tafuta bega, tafuta uzito uko mguu gani, utaona unaacha kuhesabu nyufa. Pimbi wa hapo wamezoea watu watakuja kuchungulia, usiwape chakula. Nyani nao hawangoji kupewa, walishachukua mandazi zangu zote na kitambaa cha brashi juu.

Asubuhi chagua ukuta unaotazama mashariki, jioni ule mwingine. Kaa mahali wazi pa kuona pande zote, mgongo usielekee kichaka, na ukiona nyati panga vitu pole pole uondoke, mchoro sio mtoto. Na kule kwa korongo la Ol Njorowa usiweke stendi chini kabisa hata kama mwanga ni mtamu kiasi gani, mvua inaweza kunyesha mbali na wewe hujaona wingu, maji yakashuka ghafla, watu wameshakufa humo. Korongo nalitembea na mwongoza watalii, nachora michoro ya penseli ya dakika mbili mbili, nachorea rangi nikiwa juu.

Hatua ya 4: vivuli kwanza, na ukishaviweka usiviguse

Hii ndio hatua yenyewe. Finya macho hadi vitu vidogo vipotee, ubaki na vipande kama vitano vya giza na mwanga. Kwa brashi kubwa chora mipaka ya vivuli vyote, VYOTE, ndani ya dakika kumi, ujaze na mchanganyiko wa altramarini na kahawia-nyekundu wenye maji kidogo. Jua linasonga digrii 15 kila saa, saa mbili zikipita kivuli ulichoanza nacho hakipo tena. Mimi nilikuwa nakifukuza, kila kikihama narekebisha, mchoro unaisha una vivuli vya saa moja upande huu na vya saa nne upande ule, mtu anauangalia anajua kuna kitu kimekataa lakini hajui ni nini. Sasa nikishaweka naapa navyo. Mwanga ukibadilika sana natoa hadibodi ya pili naanza mwingine.

Ukishamaliza vivuli ndio unaweka mwanga: njano ya udongo, nyeupe, tone la nyekundu. Utashangaa ule ukuta sio mwekundu vile unaukumbuka, ni kijivu chenye waridi, na wekundu unaonekana tu kwa sababu kivuli kando yake ni cha bluu.

Hatua ya 5: leleshwa sio kijani

Ile mimea ya chini imejaa pale ni leleshwa, majani yake ni ya fedha fedha, ukiyafikicha yananukia kama kafuri. Ukifinya kijani cha tyubu hapo umechora uwanja wa mpira. Changanya altramarini na njano ya udongo, nyeupe nyingi, na kakahawia kidogo cha kuizima. Ile ya mbali iongezee bluu na nyeupe, ya karibu iongezee njano.

Hatua ya 6: chora na mvuke wa Olkaria

Ni ule mvuke wa mitambo ya stima ya Olkaria, stima inayotokana na mvuke wa chini ya ardhi. Wengi wanaufuta, ati unaharibu mandhari, wanataka iwe kama zile picha za machweo ya chungwa za kuuzia watalii. Mi naona huo ni uongo. Stima ya mvuke ilianza kuzalishwa Olkaria 1981 na mbuga ikatangazwa 1984, mitambo ilitangulia! Kuuchora si ngumu: mbele ya kilima cheusi mvuke ni mweupe, lakini ukishapita juu mbele ya anga yenye mwanga unageuka kijivu, giza kuliko anga. Paka kwa kidole.

Hatua ya 7: simama

Saa mbili zikiisha weka brashi chini. Maji machafu ya rangi usimwage pale, akriliki ni plastiki, rudisha kwa chupa ukamwage nyumbani. Michoro ikauke dakika kama kumi, iweke uso kwa uso na vizibo vya soda katikati kwenye kona ili isigusane, funga na blada kwa keria, na uanze kurudi mapema maana barabara ni vumbi, jioni upepo unakupiga usoni, na saa kumi na mbili geti linafungwa.