Kufundisha Kiingereza onlaini ukiwa Mombasa, anza hivi

Kila mtu akijua mimi nafundisha Wajapani Kiingereza nikiwa chumbani kwangu hapa Majengo, swali ni lilelile, je hawakuulizi lafudhi? Huu ni mwaka wangu wa nne, wacha nieleze vile naona mtu aanze.

Kwanza tuliza ile hamu ya kukimbilia ng'ambo. Visa ya E-2 ya Korea Kusini, ile ya walimu wa Kiingereza, hutolewa kwa wenye pasipoti za Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, na China nayo kwa kawaida hufuata orodha kama hiyo, kwa hivyo digrii yako hata iwe nzuri vipi pasipoti ya Kenya itakwama hapo. Thailand hupokea watu wa nchi nyingine lakini wataka digrii na mara nyingi matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama IELTS au TOEIC. Nasema haya manake rafiki yangu alimpa ajenti pesa za visa ya Korea, pesa ya kuuza pikipiki, na baada ya wiki mbili simu ikazimwa. Ajenti yeyote akikwambia ana njia, muulize leseni yake kisha ukaihakikishe kwa NEA, ile mamlaka ya serikali inayosajili maajenti wa kazi, na usitoe hata shilingi kabla.

Basi onlaini ndiyo mlango ulio wazi. Cheti tafuta cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, cha masaa 120, na ukiwa na uwezo zaidi kuna CELTA ya Cambridge ambayo utafundisha wanafunzi wa kweli masaa 6 huku mwalimu wako anakutazama, hiyo ni nzito lakini inaheshimika kila mahali. Chukua pia gudi kondakti, cheti cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, unaomba kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, shilingi 1,050, kisha waenda Huduma Centre kupigwa alama za vidole. Wazazi wa watoto wengi huiulizia.

Sasa lafudhi. Usijifanye Mmarekani! Mwanafunzi atakugundua dakika ya tatu na hatakuamini tena. Wewe una kitu ambacho mtu aliyezaliwa London hana, nacho ni kwamba hii lugha uliisoma, unajua pale ilipokuuma. Kiswahili kina vokali tano, ndio maana tukiwa shule "ship" na "sheep" zote zilikuwa shipu, na Kijapani pia kina vokali tano, kwa hivyo nikimfundisha mtu wa Osaka hilo neno najua kabisa mdomo wake unafanya nini. Halafu sisi tuna th na dh tangu utotoni. Mjapani husema "sink" akimaanisha "think", Mbrazili "three" inakuwa "tree", na wewe umekulia na thelathini na dhahabu, muonyeshe tu kwa kamera ulimi ukitokeza kidogo katikati ya meno, apulize, asione haya. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akifunika mdomo kwa mkono kila tukifika hapo, nikamwambia sawa zima kamera yako, nitazame mimi tu, na siku ya tatu akaiwasha mwenyewe.

Waarabu wengi wa Ghuba th hawana shida nayo, shida yao ni P, "parking" inakuwa "barking". Mwambie ashike kipande cha karatasi mbele ya midomo, akisema P sawasawa karatasi inaruka, akisema B inatulia. Hakuna maelezo ya kitabu yanayoshinda hiyo karatasi.

Chumba. Nyumba zetu za tailzi zina mwangwi mbaya sana, tundika blanketi zito ukutani na juu yake leso ili ipendeze. Yangu imeandikwa "mgeni njoo mwenyeji apone" na wanafunzi huuliza ni nini, basi nawaacha wao wenyewe watafute namna ya kulisema kwa Kiingereza, nusu saa yote inaisha humo na wamezungumza kuliko siku yoyote. Tuktuk huwezi kuzizuia ila nunua hedifoni yenye maiki iliyo karibu na mdomo. Adhana ikiingia mimi hunyamaza kidogo, nawaeleza ni nini, sijawahi kupata mtu aliyekasirika.

Stima nayo. Ilinipotelea katikati ya darasa la majaribio na yule mama sikumuona tena, tangu siku hiyo simu yangu iko chaji na bando yake pembeni, tayari kuwashwa hotspoti, na namba ya mwanafunzi nimeiandika kwa karatasi.

Masaa piga hesabu mapema. Japani wako mbele yetu masaa 6, akitaka saa mbili usiku baada ya kazi kwako ni saa nane mchana, raha. Saudia saa zetu ni moja. São Paulo wako nyuma masaa 6, darasa la jioni yao lakuangukia wewe usiku wa manane, kwa hivyo huko tafuta wale wanaotaka asubuhi kabla ya kazi, saa kumi na mbili yao ni saa sita mchana wetu. Na ukimwandikia mwanafunzi andika saa ya kwake, kwa mtindo wa Kizungu, mimi niliwahi kuandika "2" nikiwa nawaza saa mbili.

Jambo la mwisho, usitegemee kampuni moja. Julai 2021 serikali ya China ilipiga marufuku kampuni za masomo ya ziada kutumia walimu walioko nje ya nchi, na walimu dunia nzima, hata hao wenye pasipoti za maana, walikosa kazi ndani ya miezi michache. Mimi nimegawa wiki yangu kati ya kampuni mbili za onlaini, na Jumamosi asubuhi nafundisha watu watano wa hotelini kule Bamburi, ana kwa ana.